Je, Wajua? Mbuni wa Sicily

Karibu na Piazza Armerina, kisiwani Sicily nchini Italia, kuna magofu ya jumba la tajiri wa Kirumi wa karne ya 4. Kuta nyingi zimebomoka, lakini sakafu, takriban mita za mraba 3,500, bado zina picha za vijiwe vya rangi. Maporomoko ya udongo ya karne ya 12 yalizifukia, na ndiyo yaliyoziokoa! Katika picha za ukumbi mrefu, mbuni wa Afrika wanapakatwa na watu wakipandishwa merikebuni kupelekwa kwenye maonyesho ya Kirumi ya kuua wanyama. Kwingineko wasichana wamevaa sidiria na chupi, wakicheza mpira; bikini si ya juzi. Leo wageni hupita kwenye vijia vya juu, wasizikanyage picha hizo. UNESCO iliyaorodhesha magofu hayo mwaka 1997.