Duka Halileti Gari, Hulisimamisha

Basi la Lodwar likiingia mji mdogo wa Kainuk, huzungukwa kabla halijasimama sawasawa. Kina mama wenye mabeseni ya ndizi wanakimbilia madirisha ya pande zote mbili, na wale wa upande wa kulia wanauzia katikati ya barabara. Makanga ameshuka, anapiga ubavu wa gari kwa kiganja. Nyuma yake lori limepandisha magurudumu ya kushoto nje ya lami, ya kulia yamebaki juu yake. Tanboi anagonga matairi kwa rungu asikie kama yana upepo wa kutosha. Dereva yuko hotelini, ameagiza chai na chapati. Mbuzi wanne wamelala kwenye kivuli cha trela. Kwa dakika hizo, barabara kuu ya Kenya ya A1, inayotoka Kitale ikapita Marich, Kainuk, Lokichar, Lodwar na Kakuma hadi mpaka wa Sudan Kusini, imegeuka ua wa soko.

Sasa chukulia kwamba mtu analeta mchoro wa maduka kumi mapya kando ya barabara hiyo. Ataomba kibali, na mahali fulani katika faili lake patakuwa na swali: je, maduka haya yataielemea barabara kiasi gani? Swali hilo ndilo kazi yetu sisi tunaokadiria usafiri, na naamini mahali kama Kainuk tumezoea kulijibu vibaya.

Njia ya kawaida si ngumu kueleweka. Kwanza unakadiria duka litazaa safari ngapi kwa siku, na hasa ngapi katika saa yenye watu wengi zaidi. Pili, safari hizo zitatoka wapi. Tatu, watu watakuja kwa njia gani: gari, pikipiki au miguu. Mwisho unazimwaga safari hizo kwenye barabara zilizopo, unajumlisha na magari ambayo yangepita hata kama duka lisingejengwa, kisha unatazama kama barabara na makutano yake yatahimili. Ili kujumlisha vitu visivyofanana, kila chombo hugeuzwa kuwa sehemu ya gari dogo: lori kubwa kwa kawaida huhesabiwa kama magari madogo mawili au matatu, pikipiki kama nusu au chini ya hapo. Kundi la mbuzi halina namba katika majedwali hayo. Punda mwenye madumu ya maji pia hana.

Mzizi wa hesabu yote ni ile hatua ya kwanza, na hapo ndipo wataalamu wengi hufungua kitabu cha Marekani. Chama cha wahandisi wa usafiri cha huko, kiitwacho ITE, kimekuwa kikitoa tangu miaka ya 1970 kitabu kinene kinachosema kila aina ya jengo huzaa safari ngapi kwa ukubwa wa sakafu yake. Profesa Donald Shoup wa Los Angeles alikichambua kitabu hicho akaonyesha udhaifu wake. Katika toleo la 1987, mkahawa wa vyakula vya haraka ulipewa safari 632.125 za magari kwa siku kwa kila futi za mraba 1,000. Tarakimu tatu baada ya nukta, kutokana na mikahawa minane tu, na hata kati ya hiyo minane ukubwa wa sakafu haukueleza karibu lolote kuhusu idadi ya safari. Ikiwa namba hiyo ilikuwa dhaifu kwenye vitongoji vya Marekani vilivyojaa magari, kuibeba hadi ukingo wa mto Malmalte, pale Kainuk, ni kujidanganya kwa tarakimu.

Lakini tatizo la Kainuk lina kina zaidi kuliko namba mbovu. Hata vitabu vya aina hiyo vinakiri kwamba wateja wengine wa duka ni wapita njia: walikuwa barabarani tayari, wakageuza usukani, wakanunua, wakaendelea. Hao hutolewa kwenye hesabu kwa kuwa hawakuongeza gari. Kainuk, ukiwaacha wakazi wanaokuja kwa miguu na kwa boda boda, karibu kila mteja mwenye gari ni mpita njia. Hakuna anayewasha lori Eldoret ili aje kununua soda Kainuk. Ukifuata kanuni kwa uaminifu unawatoa hao wote, na jibu linakuwa sifuri: maduka kumi hayana athari. Faili linafungwa, na wakati huo huo kule nje basi na lori vimeziba barabara.

Kwa hiyo kitu cha kupima ni kusimama. Magari mangapi yanasimama kwa saa, na kila moja linasimama kwa muda gani? Kuna kanuni moja rahisi, iliyothibitishwa kihisabati na John Little mwaka 1961, ambayo mwenye hoteli yeyote anaijua bila kuiandika: idadi ya walioko ndani ni sawa na kasi ya wanaoingia mara muda wanaokaa.

Tuijaribu kwa mfano wa kubuni. Tuseme magari 30 husimama kwa saa moja, na kila moja hukaa dakika 20, yaani theluthi ya saa. Wakati wowote utakaotazama, kwa wastani utakuta magari 10 yamesimama. Sasa maduka mapya yanafunguliwa: kuna nyama choma, kuna televisheni yenye mpira, kuna wakala wa M-Pesa, kuna bafu. Magari yanayosimama ni yale yale 30, ila sasa kila moja linakaa dakika 40. Yaliyosimama yamekuwa 20. Kama nusu yake ni malori ya trela, yanayohitaji takriban mita 20 kila moja pamoja na nafasi, na nusu ni magari mafupi yanayohitaji mita 8, tunazungumzia mita 280 za ukingo wa barabara, yaani mita 140 kila upande ukizigawa sawa. Mtu aliyekaa nje ya mji akihesabu magari yanayopita ataandika namba ile ile ya mwaka jana, ilhali mji umezibwa.

Na huo ni wastani. Kwa miaka mingi madereva wa barabara hii wamesubiriana kati ya Kainuk na Marich ili wasindikizwe na askari, kwa sababu ya mashambulizi kwenye mpaka wa Turkana na Pokot. Magari ya msafara hayafiki moja moja. Yanafika kwa mkupuo, yote yana njaa, yote yanataka kusimama mbele ya hoteli ile ile. Mtaalamu asiyejua habari za msafara atapanga nafasi ya magari 20 na kukuta 45. Jambo hili halisomeki kwenye jedwali lolote. Inabidi umuulize mama anayepika chai ni saa ngapi sufuria kubwa inawekwa motoni.

Baada ya kusimama, pima kuvuka. Hapa ndipo ninapoona uchungu wa kazi hii, kwa sababu kosa letu hulipwa na mtu wa miguu. Barabara ya lami yenye njia mbili ina upana wa mita 7 hivi. Mtu mzima asiye na mzigo huivuka kwa sekunde 6. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri mita 133 katika sekunde hizo. Likienda 50, ambayo ndiyo kasi inayoruhusiwa mjini, husafiri mita 83. Kwa hiyo anayevuka anahitaji kuona barabara ikiwa tupu kwa umbali huo. Sasa weka trela limesimama ukingoni, na mtoto mwenye dumu la lita 20 akitokea mbele ya pua yake. Haoni mita 133. Haoni hata 10. Duka lililolisimamisha lile trela halikuongeza gari hata moja, lakini limeondoa sekunde zote alizokuwa nazo mtoto.

Ndiyo maana swali la kwanza ambalo mwenye mchoro anapaswa kuulizwa ni bomba la maji liko upande gani na maduka yako upande gani. Vikitenganishwa na A1, kila nyumba italazimika kuvuka mara kadhaa kwa siku.

Hesabu ya kabla ya ujenzi nayo ina mitego yake. Juni 2018 mafuta ghafi yalianza kusafirishwa kwa malori kutoka Lokichar hadi Mombasa kupitia njia hii. Majuma machache baadaye wakazi wakayazuia wakidai usalama na ajira. Yakarudi, kisha mpango ukasitishwa mwaka 2020. Aliyehesabu magari katika moja ya vipindi hivyo na kuita matokeo yake hali ya kawaida alijenga juu ya mchanga. Lami nayo ilibadilisha mambo, kwani ukarabati wa ukanda wa kutoka Lokichar kwenda mpakani, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2015, umeongeza kasi mahali ambapo zamani mashimo yalikuwa yakifanya kazi ya matuta.

Ukifika Kakuma, hesabu hubadilika sura. Kambi ya wakimbizi ya huko, iliyoanzishwa 1992, ina maduka mengi. Utafiti wa shirika la fedha la IFC wa mwaka 2018 ulikuta zaidi ya biashara 2,000. Wateja wengi wanatembea au wanapanda boda boda, na mzigo huletwa na malori machache yenye tani nyingi. Saa ya msongamano haipatikani Ijumaa jioni kama kwenye majengo ya biashara ya Nairobi. Tangu WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, lilipoanza mwaka 2015 kutoa sehemu ya mgao wa chakula kwa simu kupitia mpango wa Bamba Chakula, siku ya msongamano imekuwa ile ambayo pesa zinaingia. Ukihesabu wiki moja kabla utaona mtaa umelala. Na mgao ukipunguzwa, kama ulivyopunguzwa mwaka 2025, miguu hupungua bila duka hata moja kubomolewa. Lodwar iko kati ya hali hizo mbili: ni mji wa ofisi na shule, wenye boda boda kila kona, na huko vitabu vya kawaida vinakaribia kufaa, mradi pikipiki zihesabiwe kwa uzito unaostahili.

Kikwazo kimoja ni cha kiutawala. Kibali cha kujenga hutolewa na kaunti, chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, lakini A1 iko chini ya mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, KeNHA. Ofisi ya kwanza inatazama jengo, ya pili inatazama lami, na pale katikati, kwenye mita chache za vumbi ambapo lori linasimama, hakuna anayetazama hadi alama nyekundu ya X, ya kuamuru jengo libomolewe, ichorwe ukutani. Mwenye duka huona ameonewa, naye ana haki ya kulalamika kama hakuna aliyemwonyesha mapema lori la mteja wake litasimama wapi.

Dawa haihitaji kompyuta. Maduka yajengwe nyuma zaidi, na uwanja wa malori uwe kati yake na barabara, wenye mlango mmoja wa kuingia na mmoja wa kutoka, au uwe nyuma yake kabisa. Kabla ya hapo, mtu akae chini ya mti akiwa na saa na daftari kwa siku saba, siku ya soko ikiwemo. Aandike safu tatu: gari limesimama saa ngapi, limeondoka saa ngapi, na watu wangapi wamevuka wakati huo. Watoto wa shule na wale wenye madumu awaandike peke yao, asubuhi na jioni.