Mwanafunzi na Mashine ya Alizeti

Kila mwaka, vyuo vinapofunga kwa likizo ndefu, vijana wetu hutoka na barua mkononi wakitafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Wengi hubisha hodi katika ofisi kubwa za Dar es Salaam na Dodoma. Wenye bahati hupewa kiti pembeni, hutumwa kutoa nakala za karatasi, na majuma yakiisha daftari lao hupigwa muhuri. Je, ndugu msomaji, huko ndiko kuijua kazi?

Jambo hili lina historia. Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Musoma, iliamua kwamba mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza ndipo aombe nafasi ya Chuo Kikuu, na mwajiri wake atoe maoni juu yake. Uamuzi huo ulikuwa na uzito wake, na haukudumu. Hata hivyo, mwajiri aliulizwa kijana huyu ni mtu wa namna gani kazini. Muhuri wa leo hauulizi.

Hapa Singida tunayo kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania. Tunazo pia mashine za kukamua alizeti, kubwa na ndogo. Mavuno huanza yapata mwezi Mei, na mashine huunguruma wakati ule ule vyuo vimefungwa. Mwanafunzi wa uhasibu na asimame kwenye mizani. Gunia limeingia na kilo ngapi? Limetoa mafuta kiasi gani, na mashudu ya kuuzia wafugaji kiasi gani? Hesabu isipotimia, je, mbegu ilikuwa na unyevu, mashine imechakaa, au kuna mtu amechota? Mwalimu hawezi kuyaleta hayo yote darasani kwa siku moja.

Wenye mashine nao wasimfanye mwanafunzi kibarua wa bure. Kubeba magunia juma la kwanza si aibu, ikiwa juma la pili atafunguliwa kitabu cha mauzo. (Asiyekuwa na kitabu, maana wako wanaoweka hesabu zote kichwani, amwachie kijana aanzishe.)

Barua za maombi ziandikwe mapema, mwezi Machi au Aprili. Ikifika Julai, mwenye mashine hana nafasi hata ya kusoma salamu.