Pembea ya Idi na rola-kosta ya Abu Dhabi: ipi ya kuogopwa?

Idi ikiingia Mombasa, njia zote za watoto huishia Makadara. Asubuhi ni swala, kisha ni kuzunguka kwa shangazi na wajomba kukusanya mkono wa Idi, na alasiri pesa hizo zote zinakwenda kwenye pembea. Aliyekulia Pwani anaijua harufu ya kiwanja kile: mahamri, viazi karai, vumbi na moshi wa jenereta. Anajua pia ule mshtuko wa tumbo pembea inapofika juu na kuanza kushuka.

Mshtuko huo ndio ninaotaka tuuzungumze leo. Kuna nchi ambazo watu wameufanya biashara ya mamilioni. Wamejenga treni za mchezo zinazopanda vilima vya chuma, zikashuka kwa kasi, zikapinduka vichwa chini, miguu juu, na abiria wakarudi salama wakicheka. Wenyewe huziita rola-kosta. Vijana wetu walioko Ghuba kikazi hutuletea video zake kwenye simu, na sisi huku tunashika vichwa: "Mimi? Hata nikilipwa!"

Miaka michache iliyopita nami nilikuwa katika hao wanaoshika vichwa. Nilikuwa Abu Dhabi kumtembelea mpwa wangu, akanichukua hadi Ferrari World, bustani ya michezo iliyofunguliwa mwaka 2010 katika kisiwa cha Yas. Pale ndipo ilipo Formula Rossa, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo yenye kasi kuliko zote duniani: kilomita 240 kwa saa. Nilipanda. Nilishuka miguu ikitetemeka, na swali ambalo halijaniacha mpaka leo: kwa nini kitu cha kutisha hivi kina usalama mkubwa kuliko pembea ndogo ninayompandisha mjukuu wangu?

Treni isiyo na injini

Kwanza tuelewe kitu chenyewe. Rola-kosta ya kawaida haina injini ndani yake. Kuna mnyororo chini ya reli, unaovutwa na mota, ambao unalipandisha gari hadi kilele cha kwanza. Likifika hapo mnyororo unaliachia. Kuanzia hapo hadi mwisho, kazi yote inafanywa na uzito wake wenyewe.

Tuchukue mfano wa mnazi. Nazi ikidondoka kutoka mnazi wa mita 20, inafika chini na mwendo wa kilomita 70 hivi kwa saa, ndiyo maana wazee wakatukataza kulala chini ya mnazi. Gari la rola-kosta likishuka kilima cha mita 20 linapata karibu mwendo uleule, likipungua kidogo kwa msuguano wa reli na upepo. Mwendo huo ndio unaolipandisha kilima kinachofuata. Ndiyo sababu kilima cha kwanza lazima kiwe kirefu kuliko vyote: kila kilima kinapunguza akiba, na hakuna pa kuongeza nyingine njiani.

Ukitaka mwendo huo mara mbili, haitoshi kuunganisha minazi miwili. Unahitaji minne. Kwa hesabu hiyo, ili gari lifikie kilomita 240 kwa saa kwa kushuka tu, lingehitaji kilima cha zaidi ya mita 220. Formula Rossa ina mita 52 tu. Kwa hiyo wahandisi walitumia njia nyingine: kebo inayovutwa kwa nguvu ya haidroliki, mfano wa zile mashine zinazorusha ndege za kivita kutoka juu ya meli. Unakaa, unapewa miwani ya kukinga macho na mchanga, na katika sekunde tano hivi uko kwenye kilomita 240. Shahada niliianza kabla gari halijaondoka, na nilipoimaliza tulikuwa tumeshazunguka nusu ya njia.

Tumbo linabaki wapi?

Mabaharia wetu hawahitaji kuelezwa hili. Ukiwa kwenye boti wakati wa kusi, ikapanda wimbi kubwa kisha ikaliachia, kwa nukta moja unahisi kama umeachwa hewani na matumbo yako yamebaki juu. Mwili wote unashuka pamoja na boti, na viungo vya ndani, ambavyo havikufungwa kwa misumari, vinakosa ule uzito uliozoea kuvikalia. Boti ikifika chini ya bonde la wimbi, mambo yanageuka: unakuwa mzito na unakandamizwa kwenye ubao.

Rola-kosta ni mawimbi yaliyochorwa kwa hesabu. Mhandisi anaamua ni wapi utakuwa mwepesi, wapi utakuwa mzito, na kwa kiasi gani. Hata ule mzunguko wa kupinduka umepimwa. Ukizungusha ndoo ya maji juu ya kichwa kwa kasi, maji hayamwagiki. Ndivyo abiria wanavyobaki vitini. Lakini mzunguko wa kwanza wa aina hiyo uliojengwa Coney Island, New York, mwaka 1895, ulikuwa duara kamili, na uliumiza shingo za watu. Ilipofika mwaka 1976, huko California, ndipo ulipojengwa mzunguko wa kisasa wa chuma wenye umbo la tone la maji, mpana chini na mwembamba juu, ili mwili usipokee uzito wote kwa ghafla.

Ilikotoka

Asili ya mchezo huu ni Urusi. Katika karne ya 17 watu wa huko walijenga vilima vya mbao, wakavimwagia maji yakaganda kuwa barafu, kisha wakateleza navyo wakati wa baridi. Mpaka leo Wafaransa huiita rola-kosta "milima ya Kirusi". Cha kuchekesha ni kwamba Warusi wenyewe huiita "milima ya Kimarekani".

Na Wamarekani nao wana haki yao. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson alifungua treni ya kuteleza pale Coney Island. Nauli ilikuwa senti tano, na mwendo wake ulikuwa kama kilomita 10 kwa saa; baiskeli ingeipita. Hata hivyo watu walipanga foleni. Leo Saudi Arabia imejenga nyingine huko Qiddiya, nje ya Riyadh, kwa jina Falcons Flight, yenye kimo cha mita 195 na mwendo wa kilomita 250 kwa saa. Kutoka 10 hadi 250: hizo ndizo hatua za miaka kama 140.

Kinachomrudisha abiria nyumbani

Mwendo uliongezeka kwa sababu kinga iliongezeka kwanza. Nitataja nne.

Ya kwanza ni magurudumu. Gari la rola-kosta halikai juu ya reli tu kama gari la moshi. Kuna magurudumu ya juu yanayobeba uzito, ya pembeni yanayolielekeza, na ya chini ya reli yanayolizuia lisiruke. Hayo ya chini aliyasajili Mmarekani John Miller mwaka 1919. Gari limeishika reli kama mtu anayeshika bomba kwa kiganja kizima.

Ya pili ni ile sauti ya "tak-tak-tak" unayoisikia gari linapopanda. Wengi hudhani ni ya kutisha watu. Ni ulimi wa chuma unaoangukia kwenye meno ya reli, mmoja baada ya mwingine. Mnyororo ukikatika, gari halirudi nyuma.

Ya tatu ni mgawanyo wa njia. Reli imekatwa vipande, na gari moja haliruhusiwi kuingia kipande ambacho lingine bado limo.

Ya nne ni breki. Nyingi zimetengenezwa ziwe zimefunga wakati wote, na ni nguvu ya hewa inayozifungua. Umeme ukipotea, zinafunga. Nyingine ni sumaku tupu, hazihitaji umeme wala mtu.

Juu ya hayo yote kuna mafundi. Kila asubuhi, kabla ya mgeni wa kwanza, njia inakaguliwa na magari yanaendeshwa matupu. Kikionekana kitu kidogo hakiko sawa, mchezo unafungwa siku hiyo, hata kama watu wametoka mbali.

Mashine ilikataa, watu wakailazimisha

Je, ajali hazitokei? Zinatokea. Tarehe 2 Juni 2015, katika bustani ya Alton Towers nchini Uingereza, rola-kosta iitwayo The Smiler iligonga gari lingine tupu lililokuwa limekwama njiani. Watu 16 waliumia, na wasichana wawili walikatwa mguu mmoja kila mmoja. Uchunguzi ulionyesha kwamba mtambo ulifanya kazi yake: uliona kuna gari mbele, ukasimamisha lile la nyuma. Wafanyakazi hawakuliona lile lililokwama, wakadhani mtambo umekosea, wakaupuuza na kuliachia. Mwaka 2016 kampuni ilitozwa faini ya pauni milioni 5, na mahakama ililaumu utaratibu mbovu wa kazi, si mchezo wenyewe.

Funzo la kisa hicho ndilo linaloturudisha nyumbani. Kutisha kwa mchezo na hatari ya mchezo ni vitu viwili tofauti. Kutisha kumepangwa, kumepimwa, kumelipiwa kiingilio. Hatari haipigi kelele. Inakaa kwenye nati iliyolegea na kwenye mtu aliyechoka anayesema "twende tu, hakuna neno".

Basi tuziangalie pembea zetu

Pembea za Idi, na zile za shoo ya Mkomani, zina tofauti moja kubwa na Formula Rossa: ni za kuhamahama. Zinafunguliwa, zinapakiwa kwenye lori, zinafungwa tena usiku mmoja kwenye kiwanja kingine. Kila kufungwa upya ni nafasi mpya ya kusahau kitu. Idi moja, katika mji mwingine wa Pwani ambao sitautaja, niliona kiti cha pembea kimeshikizwa kwa waya ule wa kufungia ua. Mtoto alikuwa amekaa, anapunga mkono. Nilimshusha wangu, lakini nilinyamaza kwa wengine, na kunyamaza huko kunaniuma hadi leo.

Siandiki haya ili watu wawanyime watoto pembea. Mtoto wa Pwani bila pembea ya Idi amepokonywa kitu. Ninachoomba ni kwamba kabla hujalipa, usimame uangalie mzunguko mmoja mzima, ukijiuliza haya:

- Nguzo zimekaa juu ya mbao pana au zinazama mchangani? Pembea ikizunguka, shina linayumba?
- Kila bolti ina nati na pini yake, au kuna waya, kamba na kitambaa mahali pa chuma?
- Kizuizi cha kiti kinabaki kimefunga ukikitikisa? Kinamkaa mtoto wako, au anaweza kuteleza chini yake? Sharti la kimo halikuwekwa kwa kudharau watoto wafupi. Kizuizi kimepimwa kwa mwili wa ukubwa fulani.
- Kuna ua unaowazuia wanaosubiri wasipigwe na viti?
- Mwendeshaji anawaona watoto wote, mkono uko karibu na swichi, au yuko kwenye simu?
- Nyaya za jenereta ziko wazi mahali watoto wanapokanyaga?

Na kina mama, jambo moja ambalo ni letu hasa. Siku ya Idi wasichana wamevaa madera marefu, mitandio na shela. Kitambaa kirefu kikinaswa na kitu kinachozunguka hakiachii. Kifungwe, kipachikwe pini, kiingizwe ndani kabla ya kupanda.

Lakini jicho la mzazi halitoshi. Mzazi haoni ndani ya mota. Yeyote anayetoa kibali cha kiwanja wakati wa Idi ana wajibu wa kuleta fundi mwenye ujuzi akague kila pembea baada ya kufungwa, kabla ya mtoto wa kwanza kupanda, na karatasi ya ukaguzi ibandikwe pale tunapolipia, tuisome. Hilo halihitaji mabilioni ya Abu Dhabi. Linahitaji spana, ngazi, saa chache, na mtu mwenye uwezo wa kusema "hii haipandwi leo" na akasikilizwa.

Mimi bado nina ndoto yangu. Huko Coney Island kuna rola-kosta ya mbao iitwayo Cyclone, iliyofunguliwa mwaka 1927, na ingali inabeba watu. Kimo chake ni mita 26 hivi, mnazi mrefu na ushei. Wanasema mbao zake hulia gari linapopita. Nataka nisikie kilio hicho kabla sijafa, maana nadhani kitanikumbusha pembea za utotoni. Zaidi ya kasi na kimo, kinachonivuta ni umri wake. Rola-kosta iliyopo kwenye hewa ya chumvi karibu miaka mia haibaki imara kwa bahati. Kuna watu, kila siku, waliokwenda kuitazama.