Maneno Yanayofanana Ndiyo Yanayotuponza

Nilipokuwa mwaka wa kwanza niliandika hivi katika insha kuhusu familia: "Mama alimkamata mtoto, wakaenda sokoni." Profesa akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mtoto aliiba nini?" Darasa zima lilicheka. Nami nilicheka, lakini insha iliyofuata nilipeleka nusu ukurasa.

Sisi wa Kolwezi hatuanzi kujifunza Kiswahili chuoni. Wengi wetu tumezaliwa nacho. Ni Kiswahili kilichokulia katika kambi za Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, ambako wafanyakazi walifika na Kiluba, Kibemba, Kisanga na lugha nyingine, huku wakubwa wa kazi wakisema Kifaransa. Kiswahili sanifu, kwa upande wake, msingi wake ni Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar. Kwa hiyo insha ya chuo tunaiandika kwa lugha ya pili yenye jina lile lile la lugha yetu ya kwanza.

Mtu angedhani ukaribu huo unarahisisha kazi. Kwa kusoma, ndiyo. Kwa kuandika, tuangalie maneno yenyewe. "Lupango" na "bukari" hayanisumbui hata kidogo: najua ni ya nyumbani, naandika "kiwanja" na "ugali". Yanayonipita bila kubisha hodi ni yale yaliyomo pia katika kamusi sanifu. Kwetu "kukamata" ni kuchukua tu. Unakamata kitabu, unakamata basi, karibu kila mahali ambapo Mfaransa angesema "prendre". Katika sanifu anayekamatwa ni mwizi. "Masomo" kwetu ni shule yenyewe, na kuta zake: mtoto anaenda ku masomo, bati la masomo linavuja. "Juu ya nini?" kwetu ni kuuliza sababu, mtu wa Dodoma anaweza kukujibu, "Juu ya meza." Na kompyuta haitapiga mstari chini ya hata moja kati ya hayo, kwa sababu yote ni Kiswahili.

Håkan Ringbom, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu wanafunzi wa Kiingereza nchini Finland, alitofautisha uhamishaji wa umbo na ule wa maana. Sisi umbo tunalo tayari. Kinachohama ni maana, nayo haionekani kwenye karatasi mpaka msomaji wa mbali acheke.

Lakini kosa linaloonekana si hasara kubwa. Hasara kubwa, kwa maoni yangu, ni neno ambalo mwanafunzi ameacha kuliandika. Baada ya ule wino mwekundu nilitumia "kuchukua" kwa kila kitu, nikaepuka sentensi zote zenye watoto, na alama zangu zikapanda. Hakuna aliyegundua kwamba nilikuwa naandika machache kuliko ninayoyajua.

Mwaka huu nawasaidia wa mwaka wa kwanza kupitia rasimu zao. Mmoja aliandika: "Baba alijenga masomo ya kijiji." Nilimuuliza nyumbani kwao "masomo" ni nini. Akacheka, akanionyesha kwa mkono ukubwa wa jengo. Tukaandika "masomo" na "shule" ubavu kwa ubavu nyuma ya daftari lake, kisha nikamrudishia insha bila kuigusa.

Alirudi ameirekebisha mwenyewe, na ameongeza ukurasa mzima kuhusu baba yake. Ndani yake mlikuwa na "juu ya nini" tatu.