Mjusi Alivyowapatanisha Baba na Mwana

Mwenzangu, kuishi mbali na mume si mchezo. Miaka mitatu baba Idi yuko Marekani, mimi na mtoto tuko Mbagala, mapenzi ya kwenye simu. Tulipomfuata Indianapolis nikajua shida zimekwisha. Kumbe wapi! Idi, miaka sita, hamtaki baba yake. Akiitwa, anakuja kujificha nyuma yangu. Usiku mmoja akaniuliza, "Mama, huyu anko ataondoka lini?" Baba mtu alikuwa mlangoni, kasikia. Hakusema kitu, akachukua koti lake akaenda kwenye zamu.

Jumamosi nikamwambia, leo hakuna kulala, tunatoka. Tukaenda Children's Museum of Indianapolis, makumbusho ya watoto makubwa kuliko yote duniani, yaliyoanzishwa mwaka 1925. Tiketi za watu watatu zilinifanya nihesabu vidole, nisikudanganye. Lakini hata kabla hujaingia unaona sanamu za dinosaria wenye shingo ndefu zimechomoza ukutani, utadhani wanatoroka. Idi akasahau hata kunishika mkono.

Ukumbi wao unaitwa Dinosphere, ulifunguliwa 2004. Uko chini ya kuba kubwa ambapo mwanga unageuka: mara asubuhi, mara radi, mara usiku. T. rex wawili wanamvamia Triceratops. Mmoja wao, Bucky, alikufa bado kijana. Mifupa yake iligunduliwa South Dakota mwaka 1998. Radi ilipopiga Idi akaruka. Kwa nani? Kwangu, bila shaka.

Tukafika upande wa majitu ya shingo ndefu kutoka Wyoming, ulioongezwa 2022. Idi akaninong'oneza, "Kwetu wapo?" Nilitaka kusema hapana. Baba yake akachuchumaa.

"Kwetu Lindi wapo. Mlima Tendaguru."

Akaanza kumwaga. Kwamba kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba pale kwa mikono ya watu wetu. Gari hakuna, punda hakuna. Mifupa ilibebwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini Lindi, midogo kichwani, mikubwa imening'inizwa kwenye miti mabegani mwa wanaume. Mjusi mmoja walimsimamisha Berlin mwaka 1937, kimo chake zaidi ya mita 13, na yuko huko mpaka leo. Na mnyapara wao, Boheti bin Amrani, mwaka 2007 wanasayansi walimpa mjusi mwingine jina lake.

Yaani mimi, mke wa ndoa, nilikuwa sijawahi kuyasikia hayo. Kwenye simu tulikuwa tunaongea ada na kodi tu.

"Nani alibeba?" Idi akauliza.

"Baba wa babu yangu. Bibi alikuwa anasema alibeba mfupa wa mguu."

"Begani?"

"Begani."

Mtoto akamtazama baba yake, juu mpaka chini, kama anayepima mzigo. "Nionyeshe."

Akambeba. Ukumbi mzima, kutoka mjusi mmoja hadi mwingine, mpaka kwenye kioo cha karakana ambako mafundi wanasafisha mifupa. Idi kamshika baba yake masikio, anatoa amri: kulia, kushoto, simama. Mimi niko nyuma na makoti matatu, natembea polepole makusudi.

Jioni baba Idi anavaa viatu vya kazi, mtoto akamfuata mlangoni.

"Utarudi saa ngapi?"