Thamani au zamani? Kuchagua priampu kwa ajili ya sauti ya Bibi

Kuna neno moja kwenye rekodi ya bibi yangu ambalo familia nzima tumeligombania wiki tatu.

Bibi anazungumzia sanduku ambalo mama yake alikwenda nalo kwa mumewe siku ya harusi. Anasema, "Lile sanduku lilikuwa la..." halafu linakuja neno lenyewe. Mama anasema ni "thamani". Mimi nasikia "zamani". Binamu yangu, ambaye Kiswahili chake ni cha kuungaunga kama cha wengi wetu, anaapa kwamba ni "amani". Sanduku la amani! Mama mdogo, tulipomtumia Unguja kwa WhatsApp, alisikiliza mara mbili kisha akajibu: "Mwanangu, hapo hapana neno, hapo pana upepo."

Mama mdogo ndiye aliyekuwa sahihi. Na upepo ule niliutengeneza mwenyewe.

Ilivyokuwa

Tulirekodi mwezi wa Agosti, nyumbani kwa Bibi hapa Muscat. Agosti ya Muscat mnaijua: kiyoyozi hakizimwi. Bibi ana miaka 84, na tangu alipougua kifua sauti yake imepungua, imekuwa nyembamba kama uzi. Nilimwekea maikrofoni yangu, Shure SM7B, karibu na mdomo. Akaisukuma.

"Toa dude lako hilo usoni kwangu. Kwani mie natangaza taarifa ya habari?"

Basi nikairudisha nyuma, kiasi cha urefu wa mkono. Sauti ikawa ndogo kwenye kompyuta, nikapandisha geini ya intafesi yangu ya zamani mpaka mwisho. Bibi akazungumza dakika 50, tukacheka, nikaenda zangu nyumbani nimefurahi. Usiku nikavaa hedifoni. Nyuma ya kila neno kulikuwa na "shhhhhh" isiyokatika, na chini yake ngurumo ya kiyoyozi.

Nikafanya kosa la pili: nikaipitisha rekodi kwenye programu ya kusafisha kelele. Kelele ikaondoka kweli, lakini ikaondoka na herufi. Fikiria jinsi unavyotamka s, sh, f na th. Ni hewa tu inayopita mdomoni. Kwa programu, hewa hiyo inafanana sana na ile "shhhh" ya mashine, kwa hiyo inaikata pamoja nayo. Ikikata th ya "thamani", kinachobaki ni "amani". Ikikwangua z ya "zamani", kinabaki kitu kama "amani" chenye mvumo kidogo mbele. Kwa mtu aliyekulia Makunduchi au Malindi hilo si tatizo kubwa, anajaza mwenyewe. Sisi tuliojifunzia Kiswahili jikoni na kwenye simu za wazazi hatuna cha kujazia. Tunategemea sikio tu.

Ndipo nikaanza kutafuta priampu. Nimetumia muda mwingi kuliko ilivyohitajika, nikakaribia kununua kitu cha bei kubwa ambacho kisingenisaidia chochote. Naandika haya ili wewe usizunguke kama mimi.

Priampu inafanya nini hasa

Maikrofoni hutoa umeme mdogo sana, wa kuhesabiwa kwa milivoti. Vifaa vya kurekodi vinahitaji umeme wa karibu voti nzima. Priampu ndiyo inayoukuza kutoka kule mpaka huku. Ukinunua intafesi yoyote yenye tundu la maikrofoni, priampu tayari imo ndani, ndiyo ile inayoendeshwa na kitufe cha geini. Kwa hiyo swali halisi ni hili: je, hiyo niliyonayo inatosha?

Geini hupimwa kwa desibeli. Desibeli 20 ni kukuza mara 10. Desibeli 60 ni mara 1,000. SM7B ni maikrofoni ya dainamiki yenye sauti ndogo sana. Watengenezaji wenyewe wanashauri uwe na geini safi isiyopungua desibeli 60. Intafesi yangu ya zamani mwisho wake ni 50. Kumbe tangu mwanzo nilikuwa namlazimisha punda abebe mzigo wa lori.

Lakini geini peke yake haitoshi. Kila priampu ina kelele yake ya ndani, na ukikuza sauti unaikuza na kelele hiyo. Kwenye karatasi ya vipimo huandikwa EIN, na ni namba hasi: kadiri inavyokwenda chini ndivyo priampu ilivyo kimya. Nyingi nzuri za leo zipo karibu na -128. Kuna ukuta wa kimaumbile karibu na -131 kwa maikrofoni za kawaida, kwa sababu waya na vipuri vyenyewe hutoa kelele kwa ajili ya joto. Kwa hiyo mtu akikuuzia priampu ya bei ya gari kwa sababu "iko kimya", jua kwamba tofauti iliyobaki ya ukimya ni desibeli tatu hivi. Hizo za bei kubwa watu hununua kwa ajili ya ladha ya sauti, na hilo ni jambo jingine.

Hesabu iliyonifungua macho

Sasa nifuate taratibu, hesabu yenyewe ni ya kutoa tu. Sauti ya desibeli 94 ikiingia kwenye SM7B, inatoka ikiwa karibu na -57 kwenye kipimo kilekile cha EIN. Priampu yenye EIN ya -128 iko desibeli 71 chini ya hapo. Toa 71 kwenye 94, unapata 23. Maana yake, kelele ya priampu hiyo ni sawa na kuwa na chumba chenye kelele ya desibeli 23. Huo ni ukimya mkubwa. Chumba cha kulala usiku, kila kitu kimezimwa, mara nyingi ni kama 30.

Intafesi yangu ya zamani imeandikwa -115. Hesabu ileile: 58 kutoka kwenye 94, inabaki 36. Hapo ndipo ilipotoka "shhhh" yangu.

Lakini kiyoyozi cha chumba cha Bibi, nilipokipima kwa programu ya simu, kilisoma kati ya 40 na 45. Simu si kipimo cha kuapia, ila picha ilitosha. Kiyoyozi kilikuwa na kelele kuliko hata mashine yangu mbovu! Ningenunua priampu bora kuliko zote duniani, ingenirekodia kiyoyozi kwa usafi wa hali ya juu.

Jaribio la kabati

Kabla hujatoa senti, fanya hivi. Weka geini pale unapoitumia kweli. Funga maikrofoni kwa blanketi, itie kabatini katikati ya nguo, funga mlango, urekodi dakika moja. Hiyo ni kelele ya mashine. Kisha itoe, iweke pale anapokaa mzungumzaji, usiguse geini, urekodi dakika moja ya chumba kitupu. Hiyo ni kelele ya chumba pamoja na mashine.

Angalia mita ya programu yako. Chumba kikizidi kabati kwa mbali, tatizo lako si priampu. Zima friji, zima feni, tandika mazulia, sogea karibu. Kabati na chumba zikilingana, basi mashine ndiyo inayokuangusha, na sasa una sababu ya kununua.

Kwangu mimi, kiyoyozi kikiwaka, chumba kilizidi. Kikizimwa, mashine ndiyo iliyozidi. Kwa hiyo nilikuwa na kazi mbili, na ya kwanza ilikuwa ya bure.

Njia nne

Ya kwanza ni kusogea. Kila ukigawanya umbali kwa mbili, sauti ya mtu inaongezeka desibeli 6 hivi, na kelele ya chumba inabaki palepale. Kutoka sentimita 60 mpaka 15 ni desibeli 12. Hakuna priampu itakayokupa hilo.

Ya pili ni kikuzaji kidogo cha kuunga kwenye waya. Cloudlifter CL-1 inaongeza desibeli 25, FetHead ya Triton Audio inaongeza 27. Vyote vinatumia ule umeme wa voti 48 unaotoka kwenye intafesi, kwa hiyo hakikisha ya kwako ina kitufe hicho. Siri yake ni mahali kinapokaa: kinakuza sauti kabla haijafika kwenye priampu yenye kelele, kwa hiyo unaishusha ile mbovu. Kama intafesi yako tayari iko kwenye -128 na geini inatosha, faida utakayopata ni ndogo sana.

Ya tatu ni kubadilisha intafesi. Hizi za karibuni zimepiga hatua: Focusrite Scarlett 2i2 ya toleo la tatu ilikuwa na geini ya desibeli 56, toleo la nne la 2023 lina 69. Kama yako ni ya miaka kumi nyuma na inakaribia kufa, usiihangaikie na vikuzaji. Badilisha.

Ya nne ni kubadilisha maikrofoni. Shure wenyewe walitoa SM7dB mwaka 2023, yenye kikuzaji ndani, cha desibeli 18 au 28. Au nenda kwenye kondensa: Rode NT1-A hutoa umeme mwingi zaidi ya mara 20 ya SM7B kwa sauti ileile, kwa hiyo kelele ya priampu karibu haisikiki tena. Ila kiyoyozi utakisikia vilevile.

Na priampu ya peke yake, sanduku kamili la pembeni, kama dbx 286s? Ni kifaa kizuri, lakini kumbuka bado utahitaji intafesi, na uichomeke kwenye tundu la laini. Ukiichomeka kwenye tundu la maikrofoni utakuwa unakuza mara mbili, na kelele ya priampu uliyoikimbia inarudi kwa mlango wa nyuma. Kwa mtu anayerekodi sauti moja nyumbani, mara nyingi si lazima.

Mara ya pili

Nilichukua FetHead, kwa sababu intafesi yangu bado inafanya kazi na mshahara una mwisho. Geini nikaishusha kutoka 50 mpaka kwenye ishirini na kitu.

Nilikwenda kwa Bibi baada ya Alfajiri. Nyumba imetulia, barabara bado haina magari. Nilipuliza kiyoyozi kwa nguvu saa nzima kwanza, chumba kikawa baridi mpaka Bibi akajifunika mtandio wa pili, kisha nikakizima. Joto linachukua kama dakika 20 kurudi. Tukafanya vipande vya dakika 20, tunawasha, tunakunywa chai, tunazima tena.

Maikrofoni sikuiweka mbele ya uso wake. Niliiingiza kwa chini, pembeni ya kidevu, sentimita 15 hivi, kwa stendi fupi iliyojificha nyuma ya mto. Nikamsalimu, "Shikamoo Bibi," akaniitikia, "Marahaba, mwanangu," na alipoanza kusimulia akaisahau kabisa. Nilirekodi kwa biti 24, kilele cha sauti kwenye -12, nafasi ya kutosha akicheka ghafla. Na Bibi hucheka ghafla.

Rekodi ni safi. Unasikia anavyomeza mate. Unasikia th yake, ile ya ulimi katikati ya meno, aliposema "thelathini", na mimi maisha yangu yote nilikuwa nasema "selasini" bila kujua.

Ila hadithi ya sanduku hakuisimulia tena. Nilimwomba. Alisema, "Sanduku gani?" Nikamkumbusha: la mama yake, la harusi. Akafikiri kidogo, akaanza kueleza bahari ilivyokuwa siku waliyosafiri, na hapo akapotelea baharini moja kwa moja. Nilipomuuliza waziwazi, "Bibi, ulisema la thamani au la zamani?" akanitazama kama mtu aliyeulizwa kilichopikwa jana ya mwaka juzi.

"Nilisema lini?"

Sikumsumbua tena.

Rekodi ya Agosti sijaifuta. Ninayo ile ya asili, yenye upepo wote, kwa sababu ile niliyoisafisha ndiyo iliyokula herufi. Huenda siku moja nitapata sikio au programu iliyo bora zaidi. Mama bado anasema ni "thamani".

Kwa hiyo kama una bibi, babu, au mzee yeyote ambaye umekuwa ukisema "nitamrekodi tu siku moja", fanya jaribio la kabati wikendi hii. Dakika mbili. Ukishajua kelele inatoka wapi, utajua kama unahitaji kununua kitu au kuzima feni tu. Halafu nenda kabla hajasahau lile la sanduku.