MAUD MALONE: MKUTUBI ALIYEDAI KURA NA MSHAHARA SAWA



Katika mikutano ya matawi yetu huwa tunasikia maneno mawili. La kwanza ni kwamba chama cha wafanyakazi ni cha watu wa jasho, wa kiwandani na shambani, wala hakiwahusu wanaoshika kalamu. La pili ni kwamba mambo ya wanawake yangoje, kwanza tumalize ya mshahara. Leo tunaeleza maisha ya mama mmoja wa Marekani aliyeyakataa maneno hayo yote mawili. Jina lake Maud Malone.

Malone alizaliwa mwaka 1873 katika mji wa New York, katika ukoo wa watu waliotoka Ireland. Kazi yake ilikuwa ukutubi, yaani kutunza vitabu katika maktaba ya umma na kuwahudumia wanaokuja kusoma au kuazima. Mtu akipita nje ya maktaba hudhani ni mahali pa raha. Lakini mle ndani mna bwana na mtumishi, mna saa za kazi na mna mshahara, kama ilivyo kwetu.

Vita vya kura

Wakati ule wanawake wa jimbo la New York hawakuwa na haki ya kupiga kura. Walifanya kazi na walilipa kodi, lakini sheria ilitungwa na wanaume peke yao. Mwaka 1905 Malone alishiriki kuanzisha umoja wa kudai haki sawa katika mtaa wa Harlem.

Wanawake wengi waliodai kura siku hizo walikutana katika nyumba za matajiri, wakanywa chai na kuandika barua kwa wakubwa. Malone aliona njia hiyo haifiki mbali, kwa kuwa mwanamke anayeshinda kiwandani hawezi kualikwa sebuleni kwa tajiri. Tarehe 31 Desemba 1907, yeye na wenzake walifanya mkutano wa hadhara nje, katika uwanja wa Madison Square, penye baridi kali na watu wa kila namna. Mwezi Februari 1908 waliomba ruhusa ya kuandamana, polisi wakawanyima. Siku ya Jumapili, tarehe 16, kikundi kidogo cha wanawake kilitembea barabarani vivyo hivyo, na umati ukawafuata.

Mwaka huohuo Malone alijitoa katika chama alichokuwamo. Sababu ni kwamba baadhi ya viongozi walitaka kuvuta watu wa tabaka la juu tu, wakaona aibu kuchanganyika na watu wa mitaani. Yeye alisema kura ni ya wote au si kitu.

Mwezi Oktoba 1912, Woodrow Wilson, aliyekuwa anagombea urais, alihutubia watu Brooklyn. Alikuwa akiwashutumu makampuni makubwa yaliyohodhi biashara nchini. Malone alisimama katikati ya umati akamwuliza: je, wanaume nao hawajaihodhi kura? Wilson alijibu kwamba jambo hilo ni la kila jimbo, si la serikali kuu. Malone hakukubali kuketi. Polisi walimtoa nje, akashtakiwa kwa kuvuruga mkutano, na mahakama ikamwona ana hatia.

Mwaka 1917 Wilson alikuwa Rais, na wanawake wakasimama na mabango mbele ya Ikulu yake mjini Washington. Malone alikamatwa huko mwezi Septemba akahukumiwa kifungo cha siku 60 katika jela ya kazi ya Occoquan, jimbo la Virginia. Miezi miwili baadaye, Novemba 1917, wapiga kura wa New York, wote wanaume, walikubali wanawake wa jimbo lao wapige kura. Mwaka 1920 haki hiyo iliingizwa katika Katiba ya nchi nzima. Hata hivyo tusisahau kwamba katika majimbo mengi ya kusini watu weusi, wake kwa waume, waliendelea kuzuiwa kwa hila na vitisho hadi sheria ya mwaka 1965.

Chama ndani ya maktaba

Mwaka huohuo wa 1917 Malone alifanya jambo ambalo sisi wa vyama tunapaswa kulijua zaidi. Yeye na wenzake waliunda chama cha wafanyakazi wa maktaba za New York.

Kwa nini wakutubi walihitaji chama? Tueleze. Majengo mengi ya maktaba za mji ule yalijengwa kwa fedha za Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, aliyetoa dola milioni 5.2 mwaka 1901. Watu walimsifu kwa ukarimu. Lakini utajiri ule ulitoka katika viwanda kama cha Homestead, ambako mwaka 1892 wafanyakazi waliogoma walishambuliwa na askari wa kukodiwa, na damu ikamwagika. Hata zawadi nzuri ina historia yake, na jengo zuri halimlishi mtumishi aliyemo ndani.

Mishahara ya wakutubi ilikuwa midogo. Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake, na vyeo vya juu vyenye mshahara mnono vilipewa wanaume. Mwaka 1919, katika mkutano wa wakutubi wa Marekani uliofanyika Asbury Park, chama cha kina Malone kilileta azimio. Lilidai kila kazi ya maktaba, kuanzia mkuu wa Maktaba ya Bunge la nchi hadi mtumishi mdogo wa kupanga vitabu, iwe wazi kwa wanawake na wanaume sawasawa, kwa mshahara uleule.

Kura zilipohesabiwa, waliokataa walikuwa 121. Aliyekubali alikuwa mmoja.

Ndugu, jambo hili tulifikirie sana. Wengi wa wakutubi wale walikuwa wanawake. Hawakushindwa na mwajiri siku ile, walijishinda wenyewe. Kwa maoni yetu, wengi wao walijiona ni wasomi, wakaogopa kuitwa wafanyakazi. Ugonjwa huo hata kwetu tunaujua: karani anajiona si mwenzake mpakiaji, na nyapara akipewa koti jipya anasahau alikotoka.

Chama chao hakikudumu miaka mingi. Malone hakuacha msimamo. Baadaye alitunza maktaba ya gazeti la wafanyakazi, Daily Worker, na alifariki mwaka 1951. Mwaka huohuo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 100, unaosema kazi yenye thamani sawa ilipwe sawa, kwa mwanamke na kwa mwanamume. Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda zote zimeuridhia. Kuhusu ile Maktaba ya Bunge, mwanamke wa kwanza kuiongoza rasmi, Carla Hayden, ambaye ni mweusi, aliapishwa mwaka 2016. Tangu azimio lile likataliwe ilikuwa imepita miaka 97.

Basi tufanye nini?

Mkataba ulioridhiwa haujilipi wenyewe. Ni lazima tawi liulize: mwanamke anayechuma chai na mwanamume anayebeba magunia wanalipwaje, na nani aliyeamua kwamba kazi moja ina thamani kuliko nyingine? Jambo hilo liingizwe katika majadiliano na mwajiri.

Tena tuige mkutano wa uwanjani. Tukiita mkutano jioni, mama anayetakiwa kuteka maji na kupika hatakuja, kisha tunasema wanawake hawapendi chama. Tufanye mkutano pale majani yanapopimwa, au langoni zamu inapobadilika, ili kila mtu asikie na kila mtu anyooshe mkono.

Na siku azimio la haki litakapopata kura moja tu, liandikwe katika kitabu cha tawi pamoja na hesabu yake. Watakaokuja nyuma yetu watalihitaji.